Mpira Mfupi wa Loda Kubwa

Jumamosi iliyopita tulimzika Mzee Shivachi nyuma ya nyumba yake, karibu na Mukumu, na kijitabu cha mazishi kilisema kwamba alifanya kazi ya mipira ya kupitisha oili kwenye mashine kwa miaka mingi, kwa uaminifu, bila kuacha. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wanawake nisiowajua. Si kweli kwamba hakuacha. Kulikuwa na miezi saba ambayo hakugusa mpira wowote, na ni mimi niliyemtoa kazini bila kumsukuma, bila kumtukana, bila kusema neno. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomtoa. Hakuna aliyesimama pale kuitaja miezi hiyo, na mimi sikusimama, kwa sababu siku ile ilikuwa yake. Sasa nimerudi nyumbani, Shieywe, na ninaandika jinsi ninavyofanya kila kitu, polepole, kwa maana shule yangu iliishia darasa la nane na sijawahi kuwa mtu wa haraka. Habari za kwetu nitaziacha. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliotimiza miaka kumi na tisa.

Karakana ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, ndani ya banda refu la mabati, na unga wa kinu ulikuwa ukipita juu ya ukuta na kutua kwenye oili iliyomwagika sakafuni, kwa hiyo tulitembea juu ya kitu kama ugali mweusi. Pale zilitengenezwa trela za miwa, na pia loda, yaani ile mashine yenye mkono mrefu na kucha za chuma inayofungwa kwenye trekta ili kuokota miwa shambani na kuipakia. Mwenye karakana alikuwa injinia, mama wa miaka arobaini hivi aliyeitwa Madam Khavere. Alinikuta kwenye saiba moja mjini, duka la kompyuta na kuchapisha, nikipanga picha na maneno ya vijitabu vya mazishi. Alikuwa amekuja kuchapisha barua, akasimama nyuma yangu akinitazama nikifuatisha ukingo wa picha ya marehemu kwa mshale wa kompyuta, nywele kwa nywele, ili kumtoa kwenye ukuta mbaya alikopigiwa picha. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia, nikiangalia kibodi. Akasema, "Sijauliza ili nikucheke. Mimi nataka mkono mtulivu. Hesabu itafanywa na mashine." Jumatatu iliyofuata nikawa nimekaa ndani ya chumba cha mbao nyembamba kilichojengwa katikati ya banda, chenye dirisha moja lililoangalia mafundi, mbele ya kompyuta iliyochora vyuma.

Nilikuwa na haya kiasi kwamba wiki ya kwanza nilikunywa chai yangu humo ndani, nimegeukia ukuta. Nje niliwasikia wakinizungumzia. Otieno, aliyechomelea vyuma, ndiye aliyekuwa na mdomo. "Huyo msichana wa Madam ni bubu ama anatuchora?" akauliza siku moja kwa sauti ya kutosha. "Akichora mimi aweke tumbo kidogo, nionekane nimekula." Na sauti nzito, ya taratibu, ikamjibu, "Wewe hata kompyuta itakataa kukubeba. Wacha mtoto wa watu anywe chai." Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Shivachi. Siku iliyofuata alikuja mwenyewe mlangoni na kikombe changu na kipande cha nduma juu yake kama kifuniko. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo mabegani, na miwani yake ilishikiliwa upande mmoja na waya mwembamba wa kuchomelea. "Mulembe," akanisalimu. "Mimi ndiye mwenye kukatanga mipira. Wewe chora vyuma vyako vyote, lakini ukifika kwa mpira unaniita. Mpira si chuma." Nikamwita Kuka tangu siku hiyo, kama ninavyomwita babu yangu, naye akaniita mwana wanje, yaani mwanangu.

Nilielewa maneno yake baada ya miezi miwili. Chuma ni rahisi kuchora. Bamba ni bamba hata likiwa peke yake mezani. Unalipima, unalichora mara moja, halafu kwenye kompyuta unalileta pamoja na mengine mpaka loda nzima inasimama mbele yako na unaweza kuizungusha. Lakini mpira wa kupitisha oili hauna umbo lake. Umbo lake linatoka kwa vitu viwili vinavyoushika, kimoja huku na kingine kule, na vitu hivyo vikisogea, nao unabadilika. Madam alinifundisha kuuchora kwa kutupa mstari hewani kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kuupinda polepole mkunjo wake usiwe mdogo kuliko ngumi ya mtu mzima, kisha kuiambia programu iuvalishe mstari ule unene wa mpira. Ilipendeza sana. Nilifurahia kazi hiyo kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Shida yake ni kwamba ukishamaliza, kompyuta inauona mpira ule kama chuma kilichopindwa. Ukiinua mkono wa loda kwenye picha, mpira unabaki hewani vilevile, kama nyoka aliyekauka, umeachana na mahali ulipofungwa. Kwa hiyo Madam aliniambia nichore kila mpira mara tatu, mkono ukiwa umelala, ukiwa nusu, na ukiwa umenyooka wote, na urefu uwe uleule mara zote tatu. "Umbo libadilike, urefu usibadilike," alikuwa akisema. "Huo ndio mpira."

Mzee Shivachi alifanya jambo lilelile bila kompyuta. Alikuwa na kamba za katani. Loda ikishaundwa, alifunga kamba mahali mpira utakapofungwa, akamwambia Otieno anyanyue mkono kwa winchi mpaka juu, aunyooshe mpaka mwisho, aushushe, augeuze kushoto na kulia, na yeye akitembea pembeni na mwisho wa kamba mkononi, akiilegeza na kuivuta, kama mtu anayempeleka ndama malishoni. Palipohitajika kamba ndefu kuliko pote, hapo alipiga fundo. Kisha akaongeza viganja viwili. "Hivi ni vya kupumua," aliniambia. "Oili ikiingia na nguvu, mpira unajikaza, unakuwa mfupi. Ukiupa urefu kamili tu, umeunyonga." Kila loda ilikuwa na kamba zake, zimefungwa kitambaa cha rangi yake, zimening'inia kwenye misumari ukutani. Nilikuwa nikienda na vipimo vyangu kuvilinganisha na kamba hizo. Vikitofautiana, nilirudi kuchora upya, na sijui mara ambayo kamba ilikosea.

Mwezi wa tatu Madam alishusha kamba. Alikuwa anataka kazi ya karatasi: kompyuta itoe orodha ya mipira yote na urefu wake, orodha ipelekwe kwenye meza ya Mzee, naye akate. Kulikuwa na wateja waliokuja na kuona zile kamba na kuuliza kama hapa ni karakana au zizi. Nakumbuka walivyozungumza, kwa sababu dirisha langu lilikuwa wazi. "Si kwamba sikuamini, Mzee," Madam alisema. "Lakini wewe ukiugua wiki moja, nani atazisoma hizi kamba?" Mzee alizitoa moja moja kwenye misumari, akazitia kwenye gunia. "Mimi sina ubaya, Madam. Ile karatasi ikinipa kipimo, nakata. Ila karatasi haitembei na mkono wa loda, mimi nilikuwa natembea nao." Otieno akasema, "Sasa Mzee utafungia ng'ombe nini?" na watu wakacheka, na Mzee pia akacheka kidogo.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Tulikuwa tumemaliza loda moja kubwa, na mteja wa pili akaja anataka ndogo, ya trekta dogo. Sikuanza upya. Nilichukua picha ya loda kubwa, nikaihifadhi kwa jina jipya, nikaanza kupunguza vyuma. Nilipofika kwenye mpira mrefu unaopeleka oili kwenye mkono, ulikuwa umelegea na kuning'inia, basi nikaupunguza mpaka ukakaa vizuri, nikautengeneza katika yale maumbo matatu kama nilivyofundishwa. Niliona fahari. Kitu nisichokijua ni kwamba nilikuwa nimenakili nyumba bila kunakili vilivyomo. Mpira ulikuwa mmoja tu ndani ya kompyuta, na loda zote mbili ziliuangalia huohuo, kama watu wawili wanaomtazama mtu mmoja kupitia madirisha mawili. Nilipoupunguza kwa loda ndogo, niliupunguza kwa kubwa pia. Nilikuwa nimesikia Madam akieleza jambo hilo, wiki zangu za kwanza, na sikulielewa, na niliona aibu kuuliza. Niliitikia kwa kichwa tu. Mtu mwingine angesema, "Madam, rudia." Kwangu maneno hayo mawili yalikuwa mazito kuliko bamba la chuma.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imeanza, mteja kutoka upande wa Malava aliagiza loda kubwa. Nilitoa orodha kwenye printa bila kufungua picha, kwa sababu loda kubwa ilikuwa kazi ya zamani, imekwisha. Nikaiweka mezani kwa Mzee asubuhi. Akakata mipira sita siku ile, akaibana vichwa vya chuma kwenye ncha, akaifunga. Mkono ulikuwa umelala. Ule mpira mrefu ulikaa bila kuning'inia hata kidogo, na Madam akapita akasema unapendeza, ni kama kwenye picha kabisa. Mzee aliinama akautazama. "Umekaa vizuri sana," akasema. "Mpira haukaangi hivi." Akanigeukia, maana nilikuwa nimetoka kuangalia kazi. Nilitabasamu, nikidhani ananisifu. Nadhani hata yeye aliamua kudhani hivyo.

Alasiri mteja alikuja na trela yake kushuhudia, akaisimamisha mbele ya mlango wa banda. Mvua ilikuwa imekatika. Otieno alipanda kwenye trekta, akaunyanyua mkono ukiwa na mzigo wa miwa kwenye kucha, akaanza kuunyoosha kuelekea kwenye trela. Nilikuwa dirishani. Niliuona mpira ukinyooka, ukawa kama kamba ya ng'ombe dume anayekataa kwenda, kisha ukachomoka kwenye kichwa chake. Oili iliruka mpaka kwenye mabati ya paa. Mkono ukaanguka na miwa yake yote juu ya ubavu wa trela, na ubavu ukakunjika. Mtu wa mteja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Hakuguswa. Alikaa chini matopeni, akajishika kichwa. Mteja hakupiga kelele. Alimsaidia mtu wake kusimama, akafunga trela yake iliyokunjika, akaondoka, hakurudi tena.

Watu wote walikuwa bado nje. Mimi niligeuka, nikafungua picha ya loda kubwa, nikaunyoosha mkono wake kwenye kioo. Mpira, hata katika umbo lake la kunyooka, haukufika. Ulikuwa na urefu wa loda ndogo. Nilielewa yote kwa mara moja, hata yale maelezo niliyoyaitikia kwa kichwa. Mikono yangu, ile mitulivu iliyonipatia kazi, ilifanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kusema niliwaza. Ilitenganisha mipira ile miwili, kila mmoja ukawa na jina lake. Ilirudisha urefu wa loda kubwa. Ilichapisha orodha mpya. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda kwenye meza ya Mzee, nikachukua orodha ya asubuhi, nikaweka mpya mahali pake, nikarudi. Ya zamani niliitia chini ya chungu cha chai, motoni. Kama mtu angenikamata wakati ule na kuniuliza unafanya nini, ningesema narekebisha kosa.

Madam alikuja mezani na tepu. Akaupima mpira uliochomoka, akaisoma orodha, akampa Mzee orodha. Mzee aliivuta miwani yake, akasogeza karatasi mbali, akaileta karibu. Mstari wa juu ya ule wa mpira mrefu ulikuwa na mpira mwingine, na urefu wake ulikaribiana sana na ule aliokuwa amekata. Niliuona uso wake ukifika hapo. "Nimesoma mstari wa juu," akasema. Unga wa kinu ulikuwa ukitushukia. "Macho yameniisha," Mzee akasema. "Leo ningeua mtoto wa mtu." Akavua miwani, akaikunja pamoja na ule waya wake, akaitia mfukoni. Madam alisema, "Mzee, tuzungumze kesho." Naye akasema hakuna cha kesho, mtu asiyeona hapaswi kushika kitu kinachobeba mzigo juu ya watu. Akanipita mlangoni. "Mwana wanje, wewe kazi yako ilikuwa sawa," akaniambia. Nilitazama viatu vyake.

Nilifikiri nitasema kesho yake, kisha nikafikiri Jumatatu. Watu wenye haya tuna kalenda yetu. Kijana mmoja aliletwa kukata mipira, akakata kwa karatasi, na mipira ilitosha kwa sababu sasa niliikagua kila mmoja mara kumi. Mwezi wa saba Madam alitutuma, mimi na Otieno, tumpelekee Mzee koti lake la kazi na sukari na unga. Mke wake, Kukhu Selina, yaani bibi Selina, alitupokea kama wageni wa harusi. Alichinja jogoo. Tulikaa kwenye sebule ndogo yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya viti, Mzee kwenye kona, na nilimwona amekonda shingo. Otieno alijaribu kuchekesha, akasema karakana siku hizi imejaa watoto ambao hata matusi hawajui, na Mzee alicheka panapostahili, lakini hakuuliza habari ya mashine hata moja. Nilienda jikoni kumsaidia Kukhu na obusuma, ugali wetu, na akipika mwiko mkubwa mkononi aliniambia kwa sauti ndogo, "Unajua alikuwa anasomanga Neno kanisani kila mwezi. Ameacha. Hapa nyumbani nikimpa Biblia anasoma vizuri tu, namfuata na kidole, haruki kitu. Lakini mbele ya watu anakataa. Anasema atasoma mstari wa juu."

Ingokho, yaani yule kuku, ilipoletwa mezani kwenye mchuzi, Kukhu aliweka imondo, ile firigisi, kwenye sahani ya mzee wa nyumba, mahali pake pa siku zote. Kwetu kuna nyumba ambazo mwanamke hata kuku hakuwa akila zamani, na imondo ni ya mwenye mji, huwezi kuigusa bila kesi. Mzee aliichukua kwa vidole, akanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani yangu. Kukhu akasema, "Haa! Tangu lini?" Mzee akasema, "Nyumba ya mipira imepata mzee mwingine. Macho yake ni mazuri. Kula, mwana wanje." Otieno akapiga makofi, akasema ataripoti jambo hili kwa wazee wa Wajaluo. Mimi nilikuwa na maneno yote mdomoni. Yalikuwa yamekaa pale, yamepangwa. Nikaitia imondo juu yao, nikatafuna, nikameza. Njia nzima ya kurudi Otieno aliniuliza kama nimeshikwa na malaria.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja Kukhu alipokuja karakana mwenyewe, kwa miguu, na kikapu cha maparachichi. Aliketi kwenye chumba cha kompyuta, mbele ya Madam, mimi nikiwa kwenye kiti changu. Alizungumza kwanza habari za mvua na mahindi. Kisha akasema, "Madam, nimekuja bila yeye kujua. Sikuombi umrudishe kwa mipira. Naomba kama kuna kazi isiyotaka macho. Kufagia. Kukaa langoni. Anaamka asubuhi, anavaa, anageuza kiti kinaangalia ukuta. Mtu wa miaka yote hiyo. Hata ufagio tu, Madam, aushike." Madam alikuwa akiyatazama yale maparachichi. Nilingoja aseme kitu, nikaona hasemi, na nikajikuta nimesimama, kiti changu kimeanguka nyuma yangu.

"Kukhu, macho yake hayana shida," nikasema. Nilisema nikilia, na maneno yalitoka vibaya, ya mwisho kabla ya ya kwanza, karatasi kabla ya mpira, lakini yalitoka yote. Nilimgeukia Madam nikingoja anifukuze. Alikuwa ameweka kiganja juu ya meza, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke. "Ile karatasi ilikuwa nyeupe," akasema. "Eti tangu asubuhi iko kwenye meza ya mipira, na haina tone la oili. Mimi niliiona. Niliona, Metrine, na sikuuliza. Ningeuliza, ningeambiwa kompyuta ilikosea, na mimi ndiye niliyeshusha kamba." Kukhu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilidhani atatulaani. Aliinuka, akachukua kikapu chake na maparachichi yakiwa ndani. "Hayo msiniambie mimi," akasema. "Mkamwambie mwenye macho."

Tulienda watatu alasiri ileile. Kiti kilikuwa kimegeuzwa kweli. Mzee alinisikiliza bila kugeuka mpaka mwisho, na sikuomba msamaha kwa sababu sikujua unaombwaje jambo la ukubwa huo. Alipogeuka, uso wake haukuwa uso niliouzoea. "Miezi saba," akasema. "Nimekuwa kipofu kwako miezi saba. Mtoto wa jirani ananinyoa. Mwaka huu wote kuna mtu ameniita niangalie trekta yake huko Likuyani, nikakataa, nikamwambia nitakuua." Akanyoosha kidole kwenye kiti nilichokalia mwezi wa saba. "Na ulikuja hapa. Ulikaa pale. Nilikupa imondo, ukaila ukijua?" Nikasema ndiyo, Kuka. "Usiniite Kuka." Akamtazama Madam pia, lakini hakumwambia kitu, na nadhani Madam aliumia zaidi kwa hilo. Akatuambia twende.

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilienda kazini, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa kujificha tena. Saa nne, watu wakiwa kwenye chai, Mzee Shivachi aliingia bandani. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, lile tulilompelekea, limepigwa pasi. Alikuwa amejinyoa mwenyewe. Nilijua kwa sababu kulikuwa na alama ya damu kidogo chini ya taya. Mafundi wakasimama na vikombe vyao. Hakuwasalimu. Alikuja mpaka kwenye mlango wa chumba changu, akasimama kwenye kizingiti, hakuingia. "Waambie," akasema. Basi niliwaambia, watu kumi na mmoja, mimi niliyekunywa chai nikigeukia ukuta. Niliwaambia mpira ulikuwa mmoja, karatasi zilikuwa mbili, na Mzee alisoma mstari sahihi. Otieno alikiweka kikombe chake chini na kusema taratibu, "Aki wewe," na hakuna zaidi. Sijawahi kusikia maneno mazito kuliko hayo mawili.

Mzee aliniambia nifungue picha ya loda kubwa. Nikaifungua. Akaniambia niunyooshe mkono wote, na nikaunyoosha, nikauleta mpira mrefu katika umbo lake la tatu, ukafika, ukabaki na nafasi ya viganja viwili. Mafundi walisogea dirishani kuangalia. Kioo cha ile kompyuta hakikuwa kikubwa, na loda nzima juu yake ilikuwa kama mdudu. Mzee alitoa miwani mfukoni, akaifunua, akaivaa, akatazama kwa muda mrefu sana kutoka pale mlangoni, hata Madam akamwambia, "Karibu ndani, Mzee, uone vizuri." Hakusogea. "Kile kiwiko cha chini," akasema, "pale mpira unapoingilia, umekiweka kinaangalia nyuma. Mpira utajisokota ukifungwa." Nikasema hapana, tumeangalia. Madam alikuwa ameikagua picha ile. Mimi nilikuwa nimeikagua mara kumi, na loda mpya, yenye viwiko vipya, ilikuwa iundwe wiki hiyo. Niliivuta picha karibu, karibu tena, mpaka kiwiko kikajaza kioo.

Kilikuwa kinaangalia nyuma. Nilimgeukia.

"Na mimi niko huku mlangoni," akasema.